Usimuuzie Nahodha Paneli ya Swichi Tupu

Wafanyabiashara wenzangu, leo nasema kitu ambacho najua baadhi yenu hakitawafurahisha. Ukimuuzia mtu mwenye boti ya zamani paneli ya swichi peke yake, bila fyuzi kuu, bila waya wa maana, bila kumuuliza swali hata moja, hujamuuzia bidhaa. Umemuuzia tatizo, tena umelifunga kwenye boksi zuri.

Najua wengi humu hamuuzi vifaa vya boti. Kuna wa mikoba, kuna wa vipuri vya bodaboda, wa sola, wa majiko ya gesi. Someni tu. Natumia mfano wa boti kwa sababu ndio mkate wangu, ila hoja inamgusa kila anayeuza kwa picha kitu ambacho mteja anaenda kukifunga mwenyewe, mbali, na wewe hupo.

Na mapema kabisa: mimi sio injinia. Nimeishia kidato cha nne. Umeme wa boti nimejifunza nikiwa na mita mkononi, nikisoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ambazo wengi wanazitupa, na nikikaa na mafundi ufukweni. Kwa hiyo hakuna ninachosema hapa ambacho wewe huwezi kujifunza kuhusu bidhaa yako.

PANELI NI NINI, NA KWA NINI INAUZIKA

Paneli ni kibao chenye swichi 4, 6 au 8, kinakaa karibu na usukani. Kila swichi ina kazi yake: taa za kuongozea, taa ya nanga, pampu ya kutoa maji ya ngama, redio ya VHF, mashine ya kutafutia samaki, honi, soketi ya kuchajia simu. Umeme unatoka kwenye betri ya volti 12, unafika kwenye paneli, unagawanywa.

Boti nyingi za faiba zinazonifikia zina umri. Paneli ya mwanzo ilishakufa. Swichi zimeota kutu, waya mmoja umeungwa na mwingine kwa kusokota na solotepu, na pale fyuzi ilipokuwa kuna karatasi ya pakiti ya sigara. Mwenye boti anaona kwenye simu paneli nyeusi inang'aa taa za bluu, ina voltimita, ina sehemu ya USB. Anasema hiyo hiyo. Anatuma hela, wewe unafunga mzigo, unaupeleka stendi. Siku imeisha vizuri.

Ila kilichoharibika kwenye boti ile sio paneli peke yake. Ni nyaya, ni maungio, ni ulinzi wa betri. Paneli mpya juu ya nyaya zilizooza ni kupaka rangi nyumba ambayo nguzo zimeliwa na mchwa.

VOLTI 12 SIO KIDOGO

Hapa ndipo wateja wengi wanapopotea, na muuzaji asiyejua anawasindikiza. Mtu anasema, "Hii ni 12 tu, hairushi." Kweli haikurushi kama ya nyumbani. Ila moto inawasha vizuri sana.

Angalia hesabu. Kifaa cha wati 60 nyumbani, kwenye volti 230, kinavuta kama robo ampea. Kifaa hicho hicho cha wati 60 kwenye volti 12 kinavuta ampea 5. Ni karibu mara 19. Na kinachopasha waya moto ni ampea. Kwa hiyo ule waya mwembamba unaowasha taa ya sebuleni bila shida, kwenye boti unaweza usitoshe hata pampu moja.

Halafu kuna betri yenyewe. Betri ya kawaida ya gari ikipigwa shoti inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya wa milimita 2.5 ukigusana chanya na hasi bila fyuzi, plastiki yake inayeyuka ndani ya sekunde chache. Sasa fikiria hilo linatokea chini ya sakafu ya boti ya faiba, karibu na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki juu ukaenda zake. Unashuka, unakaa chini kwenye ngama, unasubiri cheche. Na faiba yenyewe inaungua.

Nyumbani moto ukiwaka unakimbilia nje. Baharini nje ni maji.

Jambo lingine ni upotevu wa volti njiani. Tuseme pampu inavuta ampea 5 na iko mita 6 kutoka kwenye paneli. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 unapoteza kama volti 0.7. Ukitumia wa milimita 4 unapoteza kama 0.26. Tofauti inaonekana ndogo ukiwa dukani. Ila viwango vya ABYC, wale Wamarekani wanaoandika kanuni za utengenezaji wa boti, vinasema kwa vifaa vya muhimu kama taa za kuongozea upotevu usizidi asilimia 3. Kwenye volti 12 hiyo ni 0.36 tu. Waya wa 1.5 umeshafeli.

Kwa nini iwe muhimu? Chukua redio ya VHF. Ikiwa inasikiliza tu, inavuta kidogo, chini ya ampea moja. Ukibonyeza kuongea kwa nguvu ya wati 25, inavuta ampea 5 mpaka 6. Kwenye waya mwembamba wenye maungio ya kutu, volti zinaanguka pale pale na redio inazimika. Maana yake nahodha anawasikia wenzake siku nzima na anaamini redio ni nzima. Siku anayoita msaada chaneli 16, ndiyo siku haiongei. Paneli uliyomuuzia ina taa ya bluu, inawaka vizuri kabisa.

Hiyo ndiyo sababu nasema hii biashara sio ya kupiga picha na kuandika "bei poa".

WAYA UNAOUZWA NA WAYA UNAOHITAJIKA

Kuna aina tatu za waya ambazo watu wanazifunga kwenye boti, na mbili hazifai.

Ya kwanza ni waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Boti inatetemeka na kugongwa na mawimbi saa zote. Uzi mmoja ukipinda pinda unachoka, unakatika ndani, nje unaonekana mzima. Boti inataka waya wa nyuzi nyingi laini.

Ya pili ni ule wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Huu umejaa sokoni, bei yake inavutia, na ukiuangalia kwa macho ni mwekundu kama shaba. Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni wenyewe. Ushike na mkono, ni mwepesi kuliko kawaida. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya inavyopitisha shaba, na kwenye maji ya chumvi inaliwa haraka. Usiuze huo kwa mtu wa boti hata akikubembeleza.

Ya tatu ndiyo yenyewe: shaba tupu, nyuzi nyingi, na kila uzi umepakwa bati. Ukiukata unaona rangi ya fedha badala ya nyekundu. Ule weupe ni bati, na kazi yake ni kuzuia chumvi isile shaba. Ni ghali zaidi na haupatikani kila duka. Ukiukosa, waya wa shaba wa nyuzi nyingi wa magari ni afadhali kuliko hiyo miwili ya juu, ila mwambie mteja ukweli kwamba hautakaa miaka mingi kama wa bati, na ncha zake azifunge zisiingie maji.

Na waya wa zamani uliopo botini? Mwambie fundi akate ncha na kumenya. Ukiona shaba inang'aa, vizuri. Ikiwa nyeusi au kijani, akate tena kidogo. Ikiendelea kuwa nyeusi mpaka shubiri nzima, waya huo wote utoke. Chumvi inapanda ndani kwa ndani chini ya plastiki, nje huoni kitu.

FYUZI INALINDA WAYA

Hili hata mafundi wengine wanabisha. Wanaweka fyuzi ya 30 kila mahali "ili isisumbue kukatika". Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kuzuia waya usiungue. Kwa hiyo ukubwa wake unafuata waya, na kama karatasi ya kifaa inataka ndogo zaidi, unaweka hiyo ndogo.

Mimi naenda hivi, na nabaki upande wa usalama: waya wa 1.5 fyuzi isizidi 10, waya wa 2.5 isizidi 15, waya wa 4 isizidi 20. Pampu nyingi ndogo zinataka ndogo kuliko hizo na imeandikwa kwenye pampu yenyewe.

Wafundishe wateja rangi za fyuzi za visu zile za magari, maana maandishi yanafutika: kahawia ni 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Mteja akikutumia picha ya paneli yake imejaa kijani kitupu, unajua pa kuanzia.

Na kuna fyuzi ambayo ndiyo baba wa zote, ambayo paneli nyingi za boksi haziji nayo: fyuzi kuu, karibu na betri. Zile fyuzi ndogo za kwenye paneli zinalinda kuanzia paneli kwenda mbele. Ule waya mnene wa kutoka betri mpaka paneli nani anaulinda? Hakuna. ABYC wanataka fyuzi hiyo iwe ndani ya inchi 7 kutoka kwenye chanzo cha umeme, sawa na sentimita 18 hivi, ingawa wana nafasi ya kuisogeza zaidi kama waya umevalishwa mfuniko wa kuulinda. Mimi nawaambia wateja: weka pale pale jirani na betri, basi.

Jambo la swichi pia. Kuna watu wanafunga swichi za ukutani kwenye boti. Umeme wa nyumbani unageuka geuka, kwa sekunde moja unapita kwenye sifuri mara 100, kwa hiyo ile cheche ya kuzima swichi inakufa haraka. Umeme wa betri haugeuki. Cheche inang'ang'ania, inakula meno ya swichi. Ukiuza swichi ya boti, hakikisha imeandikwa inabeba ampea ngapi kwenye volti 12 za DC. Kama imeandikwa volti 250 tu, hiyo sio ya huku.

SWICHI MBILI AMBAZO NI ZA UHAI

Ukikumbuka mambo mawili tu kwenye paneli nzima, kumbuka haya.

Pampu ya ngama. Kwenye boti yenye pampu ya kujiwasha, ile yenye boya linalonyanyuka maji yakijaa, waya wa boya unatakiwa utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake peke yake, usipite kwenye swichi kuu. Kwa sababu nahodha akishatia nanga, anazima kila kitu anaenda kulala. Kama boya limepita kwenye swichi kuu, usiku mvua inanyesha au maji yanapenya, pampu imekufa. Asubuhi boti iko chini. Swichi ya kwenye paneli inabaki kwa ajili ya kuiwasha kwa mkono. Paneli nyingi za bei rahisi hazina nafasi hiyo, zina washa na zima tu, na fundi asiyejua anaunganisha boya hapo hapo.

Taa za kuongozea. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, zinaruhusu chombo cha injini cha chini ya mita 12 kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote pamoja na taa za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia. Ukiwa umetia nanga, unabakisha nyeupe tu. Kwa hiyo swichi nzuri ina sehemu tatu: mwendo, zima, nanga. Ukiweka swichi moja ya kuwasha zote, boti iliyosimama itaonekana kama inatembea, na meli itakwepa kwa hesabu ya uongo.

Vitu kama USB na taa za bluu viwe vya mwisho kwenye orodha. Tena USB na voltimita vipite kwenye swichi, maana vinavuta kidogo kidogo hata boti ikiwa imelala, na wiki mbili baadaye nahodha analaumu betri.

SASA UUZE NINI?

Msimamo wangu: usiuze paneli, uza kazi nzima. Mimi naipanga hivi kwenye mfuko mmoja:

1. Paneli yenyewe, yenye idadi ya swichi anazohitaji, na mbili za akiba.
2. Fyuzi kuu na kishikio chake, na swichi kuu ya betri.
3. Bamba la shaba la kukusanyia nyaya zote hasi, ili zisirundikane kwenye nguzo ya betri.
4. Waya wa shaba uliopakwa bati, mita alizopima mwenyewe, kwenda na kurudi, mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi.
5. Lagi za duara za kubana, pamoja na mipira inayosinyaa ukiitia moto, ile yenye gundi ndani.
6. Fyuzi za akiba, angalau 3 za kila saizi aliyofunga.
7. Karatasi moja niliyochora mimi kwa mkono na kuitoa kopi: waya gani unatoka wapi unaenda wapi.

Ile karatasi ya saba gharama yake ni ya kopi moja tu, lakini ndiyo inayowarudisha wateja. Mchoro unabaki ndani ya boti. Miaka miwili baadaye fundi mwingine anaufungua, juu yake pana namba yangu ya simu.

MASWALI KABLA YA LIPA NAMBA

Kabla sijamtumia mteja namba ya kulipia, namuuliza haya. Yanachukua dakika kumi kwenye WhatsApp:

Boti ina urefu gani, na kutoka betri mpaka paneli ni mita ngapi? Ina vifaa gani vya umeme, kimoja kimoja? Betri ngapi, na injini inawashwa kwa betri hiyo hiyo? Pampu ina boya au haina? Tangi la petroli liko wapi? Nani atafunga? Na la mwisho: nitumie picha ya mgongo wa paneli ya zamani kabla hujagusa kitu.

Hiyo picha ni dhahabu. Kwanza inamsaidia fundi kukumbuka waya upi ulikuwa wapi. Pili, inakuonyesha hali halisi. Ukiona kijani na solotepu, unajua huyu hahitaji paneli, anahitaji kuanza upya.

Na ongea naye kwa heshima yake. Wateja wangu wengi ni watu wazima, wamekula chumvi baharini kabla mimi sijazaliwa. Naanza na "Shikamoo nahodha", nasikiliza, halafu nauliza. Sijifanyi namfundisha bahari. Bahari anaijua yeye, mimi najua waya.

Na usisahau kumwambia kwenye kufunga: anatoa hasi ya betri kwanza, na wakati wa kurudisha hasi inakuwa ya mwisho. Anafungua sehemu zote hewa ipite kabla ya kugusa nyaya. Akimaliza anawasha kifaa kimoja kimoja, anashika waya kwa mkono baada ya dakika tano. Ukiwa wa moto, kuna kosa.

NAJUA MTANIAMBIA

"Mimi ni muuzaji, sio fundi." Sawa. Lakini muuza dawa naye sio daktari, na bado anakuuliza mgonjwa ana umri gani. Kuuliza sio ufundi, ni kujua unauza nini.

"Mteja hana hela ya mfuko wote." Kweli, wengi hawana. Basi uza kwa awamu, ila wewe ndiye upange awamu. Ya kwanza ni fyuzi kuu, pampu na taa za kuongozea. Ya pili redio na mashine ya samaki. Ya tatu mapambo. Sikubali aanze na taa za bluu halafu fyuzi kuu "mwezi ujao".

"Nikiuliza sana ataenda kwa mwingine." Wengine wataenda, ndiyo. Fanya hesabu lakini. Tuseme paneli tupu inakupa faida ya 15,000. Mteja yuko Mafia. Mzigo unapanda gari mpaka Nyamisati, halafu boti mpaka Kilindoni. Akisema haifanyi kazi na ikarudi, nauli ya kurudisha na kutuma nyingine imekula faida yote na mtaji kidogo. Tuseme mfuko mzima unakupa 45,000 na haurudi. Kwa hiyo nani anapoteza muda, anayeuliza maswali dakika kumi au anayebishana siku kumi?

Kuna nahodha mmoja wa kusini alinitumia picha za paneli aliyonunua kwenye ukurasa mwingine. Nyuma ya swichi kulikuwa na nyaya nyembamba kama za spika, kishikio cha fyuzi kimeyeyuka, kibao kimekunjamana kwa joto. Ilitokea boti ikiwa imefungwa gatini mchana, kijana mmoja akawahi kung'oa waya wa betri. Hakuna aliyeumia. Alipomwandikia muuzaji, akawekwa bloku. Mzee yule hakuwa na hasira ya hela. Alichoniandikia ni kwamba usiku uliofuata walikuwa watoke kwenda kwenye dagaa, watu saba.

Watu saba. Na yule muuzaji mpaka leo hajui, kwa sababu alishafunga mawasiliano. Kwake ile ni oda iliyokamilika.

KUNA MTEJA WA KUKATAA

Hili ndilo gumu kwa sisi wenye mitaji midogo, ila nalisema. Kuna hela ya kuiacha. Mtu akikuambia, "Nipe paneli tu, fyuzi nitaunga waya moja kwa moja," mwambie hapana kwa upole, na mwambie kwa nini. Akisema tangi la petroli liko ndani ya kabati lile lile la paneli, mwambie ahamishe paneli kwanza. Wengine wanakasirika. Baadhi wanarudi baada ya kuongea na fundi mwingine.

Na usiandike vitu usivyoweza kuvisimamia. "Haiingii maji asilimia 100" wakati umeona tu maandishi ya kwenye boksi. Mwagia maji moja ya sampuli, uone. "Inabeba ampea 20" wakati nyaya za mgongoni ni nyembamba kama tambi. Na usiseme "imepitishwa" kama huna karatasi. Ukaguzi wa vyombo Tanzania Bara uko kwa TASAC, Zanzibar uko kwa ZMA. Wewe na mimi hatupitishi chochote.

KWA WASIOUZA VIFAA VYA BOTI

Chukua bidhaa yako sasa hivi ujiulize: ili ifanye kazi salama, inahitaji kitu gani ambacho hakimo kwenye boksi? Jiko la gesi linahitaji mpira mzuri na klipu zake. Betri ya sola inahitaji fyuzi na waya wa saizi yake, hesabu ni hizi hizi za volti 12. Taji ya watoto inahitaji useme ni ya umri gani. Hicho kinachokosekana ndicho mteja asichojua kuuliza, na ndicho kinachokutofautisha na wale mia wanaoposti picha ile ile waliyoishusha mtandaoni.

Sisi wa mtandaoni tuna udhaifu mmoja mkubwa: mteja haoni uso wetu wala duka letu. Anachokiona ni maneno. Kwa hiyo maneno yawe na kazi. Badala ya kuandika "Paneli kali sana, bei inboksi", andika hivi: "Paneli ya swichi 6, ya volti 12. Haiji na fyuzi kuu. Kwa boti ya zamani utahitaji pia waya na fyuzi ya betri. Bei ya paneli ni hii, bei ya mfuko mzima ni hii. Nitumie picha ya paneli yako ya sasa nikushauri." Maneno hayo yanafukuza wa kupoteza muda na yanaita wa kweli. Na bei iwe wazi. Mtu aliye kisiwani na bando la kuhesabu hana muda wa kuja inboksi kuuliza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu mambo yamegeuka kidogo, vyote vinajitembeza. Kinachotofautisha ni kile kinachotokea baada ya mzigo kufika.

Kwa hiyo kazi ya leo ni hii. Fungua posti yako moja, ile inayouza sana. Ongeza mstari mmoja unaosema bidhaa hiyo haiji na nini. Mmoja tu. Wanaouza umeme wa boti au sola wakitaka ule mchoro wangu, wanitumie ujumbe, nitawapa bure. Siogopi ushindani kwenye hili. Bahari ni moja, na boti ya mteja wako na ya mteja wangu zinapishana usiku.